Nani Husema Maji Yamepita?

Waingereza wana nahau ambayo kila Mswahili aliyeishi nao ameisikia: "water under the bridge". Neno kwa neno ni maji yaliyokwisha kupita chini ya daraja. Husemwa pale watu waliogombana zamani wanapokutana, na mmoja wao akataka kuonyesha kwamba ugomvi ule haufai kurejewa. Ni usemi mwepesi na wa adabu, na mara nyingi husindikizwa na tabasamu. Makala haya yanakusudia kuuchukua kwa uzito zaidi kuliko wanavyouchukua wenyewe, kwa sababu ndani yake limo swali la kimaadili linalotuhusu sote, hasa sisi tuliohama makwetu: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba maji yamepita?

Kabla ya kulijibu swali hilo, hatuna budi kutenganisha matumizi mawili. Namna ya kwanza ya kuyataja maji hayo kwa Kiingereza ni kusema kwamba maji mengi yamepita chini ya daraja tangu siku fulani. Maana yake ni kuwa muda mrefu umepita na mambo mengi yamebadilika, basi. Hakuna aliyesamehewa wala aliyelaumiwa. Namna ya pili ni kusema kwamba jambo lenyewe sasa ni maji yaliyopita chini ya daraja. Hapa jambo limefungwa, deni limefutwa, na anayelirejea huonekana mkorofi. Namna ya kwanza ni taarifa. Ya pili ni tendo: kwa kuitamka, msemaji hufanya jambo, kama hakimu anavyolifunga shauri kwa kutamka kwamba limefungwa.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi mahali ninapoandikia, Flemingsberg, kusini mwa jiji la Stockholm. Kiswidi nacho kina maji na madaraja yake. Husema "mycket vatten har runnit under broarna", yaani maji mengi yametiririka chini ya madaraja. Lakini Waswidi huishia kwenye namna ya kwanza: wanasema muda umepita, hawasemi kosa limekwisha. Wafaransa nao wana usemi wa mkondo huohuo. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa hapa, anayesoma kwa Kiswidi, anayetazama filamu kwa Kiingereza na kuzungumza na bibi yake kwa Kiswahili, ana picha moja yenye maana mbili. Akitaka kuitia katika lugha ya bibi yake, atakuta kwamba methali zetu za maji zimechukua njia nyingine kabisa.

Mfasiri mwenye haraka atamwambia mtoto huyo atumie "maji yakimwagika hayazoleki". Maji yamo, na kutorudi kwa jambo kumo. Hata hivyo methali hii haifanyi kazi ya nahau ile. Maji ya mtoni hupita kwa desturi yake. Hayana mwenyewe, na kupita kwake si hasara ya mtu. Maji yaliyomwagika yalikuwa mtunginini mwa mtu. Yalitekwa kisimani, yakabebwa kichwani, na yupo aliyekuwa na kiu akiyangoja. Ni kweli kwamba kitenzi chenyewe, kumwagika, kinamficha mtendaji: hakituambii ni nani aliyeupiga mtungi teke. Lakini hakifichi hasara. Methali hii hukiri kwamba kitu kimepotea na hakitarudi, kisha ikanyamaza. Haimsamehi mtu, wala haimwambii mwenye kiu kwamba kiu yake imekwisha. Ndiyo maana hutumika sana kuonya kabla ya tendo: usiseme neno hilo, usitoe talaka hiyo, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Mfasiri wa pili, aliye makini zaidi, atachagua "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Hii imekaribia. Ni methali ya suluhu. Hutamkwa na wazee katika mabaraza, na wanasiasa wa Afrika Mashariki wameipenda kupita kiasi, kila wanapohitaji kuanza ukurasa mpya bila kuusoma ule wa zamani. Lakini tuitazame vizuri. Maneno yake yametolewa katika uganga. Ndwele ni maradhi, na kuganga ni kutibu. Methali inatoa hukumu ya kiganga: inasema kwamba yaliyopita si maradhi. Sasa hukumu ya namna hiyo haiwezi kuwa kweli kwa kutamkwa tu. Mganga hujua kwa kumtazama mgonjwa, kumuuliza na kumgusa panapouma. Ikiwa yaliyopita bado yanauma, ikiwa bado yanamzuia mtu kulala, kumiliki shamba lake au kulijua kaburi la baba yake, basi bado ni ndwele, na kwa mantiki ya methali yenyewe yanastahili kugangwa pamoja na yajayo. Aitumiaye methali hii kumnyamazisha mgonjwa ameitumia kinyume cha maana yake. Amempa mtu cheti cha afya bila kumpima.

Kuna na jambo la tatu, ambalo si methali moja bali ni maarifa ya watu wa pwani kwa jumla. Nahau ya Kiingereza ni nahau ya mto, na mto huenda upande mmoja. Lugha yetu ilikulia ufukweni, na maji ya ufukweni hayaendi upande mmoja. Hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, pwani ya Unguja, tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 4 hivi. Mvuvi hawezi kusema maji yamepita. Anaweza kusema yamepwa, na kwa kusema hivyo anajua kwamba yatajaa. Anajua vilevile kwamba yakipwa huacha wazi mambo yaliyokuwa yamefunikwa: miamba, nyavu zilizokatika, ngalawa iliyozama. Bahari ya Baltiki, iliyo karibu na hapa, takriban haipwi wala haijai, na labda hiyo ni sababu mojawapo ya Waswidi kutuona sisi ni watu wa kurudia mambo. Lakini anayeelewa kwamba yaliyopita yana tabia ya bamvua hashangai mzee anapolizungumza jambo la 1964 kana kwamba ni la jana.

Turudi darajani, kwa kuwa katika nahau ile daraja lina maana kuliko maji. Daraja humweka msemaji juu, mahali pakavu. Kutoka hapo anayaona maji yakija, anayaona yakienda, na yakishatoweka machoni pake anasema yamekwisha. Ukweli ni kwamba hayakwisha. Yameteremka. Kule bondeni wako watu wanaoyateka, wanaofulia, wanaonyweshea mifugo, na kama huko juu kuna aliyetia sumu, ni wao watakaokunywa. Neno "yamepita" ni kweli kwa aliye juu ya daraja tu. Kwa aliye chini ya mto, neno sahihi ni "yamefika".

Hivyo usemi mmoja hubadilika kwa kadiri ya kinywa kinachoutamka. Ukitamkwa na aliyekosewa, ni zawadi. Alikuwa na haki ya kudai, naye ameiachilia. Hakuna aliyeweza kumlazimisha, na ndiyo maana tunamshukuru. Ukitamkwa na mkosaji, ni wizi wa pili: kwanza alichukua mali au uhai, sasa anachukua na haki ya kulalamika. Ukitamkwa na mtu wa tatu, jirani au serikali au msuluhishi, ni ombi, na lisivikwe nguo za hukumu. Wahenga walilifupisha hili waliposema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Washona wa Zimbabwe wana methali isemayo kwamba kisahaucho ni shoka, mti hausahau. Shoka lina kila sababu ya kusahau. Lina kazi nyingine kesho.

Utamaduni wa Waswahili haukuliacha jambo hili kwenye methali tu. Uliliwekea utaratibu. Kabla ya safari ndefu, kabla ya mwezi wa Ramadhani, au mtu anapohisi kwamba siku zake zimekaribia, watu huombana radhi. Maneno yake ni mahususi. Mtu huomba asamehewe kwa ayajuayo na asiyoyajua, na mwenzake hujibu kwamba amemsamehe duniani na akhera. Angalia mpangilio: anayeomba hutangulia, anayesamehe hufuata. Hatujasikia mtu akimwendea jirani aliyemdhulumu na kumwambia, "Nimekuja kukuarifu kwamba umenisamehe." Tungecheka, au tungekasirika. Lakini hicho ndicho kinachofanyika kila mara mkosaji anapotangulia kusema kwamba maji yamepita.

Utaratibu huo huonekana kwa nguvu zaidi mazikoni. Katika mazishi ya Kiislamu ya pwani, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu na ajitokeze, ama alipwe na warithi, ama asamehe. Ndiyo siku ambayo pengine ingefaa kuliko zote kusema kwamba yamepita, maana mdaiwa mwenyewe amepita. Haisemwi. Mafundisho ya dini yanatofautisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa toba ya mdaiwa peke yake. Sharti mwenye haki arudishiwe au aridhie. Deni linasimama wima juu ya kaburi na kungoja jibu. Sioni kama ni ukatili. Ni heshima kwa marehemu, kwamba alikuwa mtu wa kuwajibika, na ni heshima kwa anayedai, kwamba haki yake haikuzikwa pamoja na mtu mwingine.

Sasa tuyapime haya kwa jambo lililotokea, na ambalo kwa bahati mbaya lilihusu maji kweli. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana nchini Kenya, wafungwa wa Mau Mau walipelekwa kwa nguvu kuchimba mitaro ya umwagiliaji. Wafungwa 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji lililokuwa likitumiwa na kikosi kizima. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikufa kwa kipigo. Jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza mwaka huohuo, likatikisa imani ya wengi huko kuhusu kambi zao, kisha likaachwa lipite. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Watawala wapya nao walihimiza watu wasahau, na Mau Mau lilibaki kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003. Juu ya daraja, pande zote mbili, walikuwapo watu waliokubaliana kwamba maji yamepita.

Wambugu Wa Nyingi alikuwa Hola siku ile. Alipigwa hadi akazimia, akalazwa pamoja na maiti akidhaniwa kuwa mmoja wao. Mwaka 2009 yeye na wenzake wanne walifungua shauri katika Mahakama Kuu mjini London. Utetezi wa serikali ya Uingereza ulikuwa na hatua mbili, na zote mbili ni nahau yetu iliyovikwa joho la mahakama. Hatua ya kwanza ilidai kwamba dhima, kama ilikuwapo, iliirithiwa na Kenya huru: yaani maji yalikwisha kuteremka kwenye mto wa mtu mwingine. Jaji McCombe aliikataa mwezi Julai 2011. Hatua ya pili ilidai ukomo wa muda: nusu karne imepita, mashahidi wamekufa, haki haiwezi tena kutendeka. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji aliikataa hiyo nayo kwa wadai watatu. Sababu yake kubwa ilikuwa nyaraka. Maelfu ya majalada ya makoloni yalikuwa yamehamishiwa Uingereza na kuhifadhiwa Hanslope Park, na kuwapo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 kwa sababu ya shauri hili. Maji yaliyosemwa yamepita yalikuwa tangini, na mwenye ufunguo wa tangi ndiye aliyekuwa akisema yamepita.

Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni na kutangaza maafikiano: pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, pamoja na mnara wa kumbukumbu mjini Nairobi, ambao ulizinduliwa mwaka 2015. Alisema serikali yake inasikitika kwa dhati kwamba mateso yale yalitokea, lakini haikubali dhima ya kisheria. Mwaka 2018 shauri jingine, la wadai zaidi ya 40,000, lilishindwa, na ukomo wa muda ulikuwa sababu kuu. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipofika Nairobi alizungumza kwa huzuni na majuto. Hakuomba radhi rasmi. Kiswahili hapa kinasaidia kuona sawasawa. Kusikitika hakuhitaji mtu wa pili. Naweza kusikitika kwa mvua iliyoharibu mazao. Kuomba radhi kunamhitaji mwenzangu, nami najiweka mikononi mwake, kwa kuwa anaweza kukataa. Anayesikitika bado yuko juu ya daraja. Anayeomba radhi ameteremka.

Msomaji mwenye busara atakuwa na pingamizi, na ni pingamizi zito. Je, tuishi basi katika kudaiana milele? Swali hili halitoki vitabuni. Flemingsberg ina hospitali kubwa ya chuo kikuu, ina Chuo Kikuu cha Södertörn kilichoanzishwa mwaka 1996, ina ghorofa ndefu za rangi mbalimbali zilizojengwa miaka ya 1970, na ndani yake wanaishi watu wa mataifa mengi, wakiwamo waliokimbia vita vya Maziwa Makuu. Kiswahili kinachosikika kwenye treni ni cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Mombasa, cha Unguja. Katika majengo ya namna hii watu hawachagui majirani. Ngazi ni moja, na chumba cha kufulia ni kimoja, chenye orodha ya zamu ukutani. Yawezekana sana kwamba mtu anayekuachia mashine ya kufulia saa mbili asubuhi ana ndugu waliokuwa upande wa waliokufukuza. Mnaamkiana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee mnayoielewa nyote wawili. Ukimwambia mtu wa hapo kwamba asiachilie lolote mpaka aombwe radhi rasmi, umemwambia aishi kwa kinyongo katika nchi ngeni, na huenda hakuna atakayemwomba kamwe. Mbaya zaidi, atawarithisha watoto wake chuki juu ya watu wasiowajua, kwa sababu ya bonde ambalo hawajaliona.

Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Kuachilia kunaweza kuwa afya ya mwenye kuachilia, na aliyekosewa ana uhuru wa kusema yamepita hata kama hakuombwa. Hahitaji ruhusa ya mkosaji ili apone. Lakini angalia kwamba hata hapo msemaji ni yeyeyule. Pingamizi halimpi mkosaji haki mpya, wala halimpi serikali, wala kijana aliyechoka kusikia hadithi za baba yake. Tena kuachilia hakudai kunyamaza. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, wakidhani kwamba anayesimulia hajasamehe. Mara nyingi ni kinyume: asiyeweza kusimulia ndiye ambaye bado hajafika mahali pa kusamehe.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, imejengwa juu ya jambo hili, na ni haki kuitaja katika mji ambao Akademia yake ilimpa mwandishi huyo Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Saleh Omar, mzee wa Kizanzibari, anaingia Uingereza kuomba hifadhi akitumia jina la mtu mwingine. Jina hilo ni la baba yake Latif Mahmud, msomi anayeishi London. Kati ya nyumba hizi mbili kuna ugomvi wa kale kuhusu deni, nyumba iliyochukuliwa na kisasi kilichompeleka Saleh Omar gerezani kwa miaka mingi. Wanapokutana katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, kila mmoja ana sababu ya kusema kwamba maji yamepita: wote wako mbali, wenye ugomvi wengine wamekufa, nyumba yenyewe haipo mikononi mwao. Hawasemi hivyo. Wanakaa na kusimuliana, mmoja akimsahihisha mwenzake. Latif anakuta kwamba aliyoyajua ni nusu, na mzee naye anasikia jinsi alivyoonekana na mtoto wa nyumba aliyoitwaa. Mwisho hakuna hati ya msamaha. Kuna watu wawili wanaoweza kuketi pamoja. Mashaka yangu ni kama wangeweza kufika hapo kwa njia ya mkato.

Yamkini mtu atasema kwamba sheria imekwisha kutupa jibu, kwa kuwa kila nchi ina ukomo wa muda. Ni kweli, na ukomo huo una hekima yake. Kumbukumbu hufifia, ushahidi huoza, na mtu hapaswi kuogopa maisha yake yote kwa kosa dogo la ujanani. Lakini sheria yenyewe imejua mipaka ya hekima hiyo. Uswidi ilikuwa na ukomo wa miaka 25 kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Tangu tarehe 1 Julai 2010 ukomo huo uliondolewa kwa mauaji yaliyotendwa kuanzia tarehe 1 Julai 1985, na hivyo mauaji ya Waziri Mkuu Olof Palme, ya tarehe 28 Februari 1986, hayakufungwa na kalenda. Yalifungwa mwaka 2020 kwa sababu nyingine: mtuhumiwa aliyetajwa alikuwa amekwisha kufa. Mahakama ya wilaya ya Södertörn iko hapa Flemingsberg, hatua chache kutoka stesheni, na kanuni hizo hutumika ndani yake kama kwingineko nchini. Funzo ni kwamba ukomo wa sheria ni uamuzi wa serikali kuhusu kazi ya serikali. Husema, "Sisi hatutashtaki." Hausemi, "Wewe umesamehe." Kuuchukua ukomo wa mahakama na kuufanya ukomo wa dhamiri ni kumpa karani kazi ya mtu aliyejeruhiwa.

Madaraja ninayoyavuka kila siku Flemingsberg hayako juu ya maji. Yako juu ya reli. Maji ya mtaa huu yanapita kwingine, nayo yana habari ya kutufundisha. Mvua inaponyesha juu ya lami, maegesho na mapaa, maji huchukua mafuta, vumbi la matairi na taka nyingine. Kama yangeachwa yapite tu, yangeingia moja kwa moja katika ziwa Orlången, na kutoka huko yangeteremka ziwa kwa ziwa hadi baharini. Ndiyo maana katika ghuba ya Flemingsberg pametengenezwa ardhioevu. Maji husimamishwa kwanza katika mabwawa, uchafu mzito ukazama, mimea ikafanya kazi yake, kisha ndipo yakaachiliwa kuingia ziwani. Hakuna anayeyazuia milele. Hakuna pia anayejidanganya kwamba kupita ni sawa na kusafika.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtoto yule wa lugha tatu nahau ya Kiingereza itafsiriweje, nitamwambia atazame kwanza ni nani anayesema. Ikiwa msemaji ni mkosaji, asiifasiri kwa methali yoyote ya suluhu. Aandike kwamba mtu huyo alitaka jambo lisizungumzwe. Ikiwa ni mtu wa kati, aandike kwamba aliwasihi wasameheane. Ikiwa ni aliyekosewa mwenyewe, na amesema kwa hiari yake, baada ya kusikilizwa, Kiswahili kina maneno yaliyo bora kuliko maji na daraja. Aandike: "Nimekuwia radhi, duniani na akhera."